Tangazo Ambalo Adalbert Hakusomewa

Karatasi ilikuwa na mwandiko wa Adalbert, na Adalbert alikuwa na wiki tatu kaburini.

Virginie aliikuta kwenye meza ya studio ya televisheni, kati ya matangazo ya misiba ambayo familia za Lubumbashi huleta kila mchana ili yasomwe mwishoni mwa habari za jioni. Kwa miaka ishirini na sita Adalbert ndiye aliyeyasoma. Watu walingoja sauti yake ndipo wapange viti vya kilio. Sasa kiti chake kilikuwa cha Virginie. Karatasi ilinukia peremende za mentoli, zile alizozoea marehemu kumumunya kabla ya kwenda hewani. Ilikuwa na tarehe ya siku hiyo. Taa nyekundu ikawaka, akaisoma: Mzee Bwalya wa Kasungami amefariki.

Mzee Bwalya alipiga simu mwenyewe. Alisema yupo mezani na sahani yake ya bukari, ugali wa jioni, akauliza kama aimalize au awaachie waombolezaji. Walicheka, Virginie akaomba radhi. Asubuhi yake, mwana wa Bwalya alileta tangazo la kweli: mzee alikuwa amefariki usiku.

Siku hiyo hiyo mentoli ilinukia tena. Jina lilikuwa la mama yake Virginie, ambaye muda huo alikuwa nyumbani, katika komuni ya Kenya hapo hapo Lubumbashi, akichagua maharagwe. Virginie aliichana karatasi. Alipogeuka aliikuta mezani, nzima.

Alikwenda moja kwa moja kwa mjane, Mama Angélique. Mjane alimsikiliza, kisha akauliza jambo moja tu: tangazo la mume wake lilisomwa na nani?

Halikusomwa. Mjane alilileta, lakini hakuna aliyekuwa na moyo wa kulitamka. Walionyesha picha za zamani za Adalbert akiwasalimu watazamaji, na mkurugenzi akasema hewani kwamba ataendelea kuwa nao kila jioni.

"Mulimwambia abakie, na ye alibakia," alisema Mama Angélique kwa sauti ya chini. "Usome ya kwake leo. Ya mama yako usiisome."

Jioni, Virginie alisoma habari za barabara, za umeme na za shule, na kadiri alivyoukaribia mwisho harufu ilizidi kumkaa kooni, na ndani ya kisikizi sikioni mwake mtu alianza kupumua taratibu, kama msomaji anayengoja zamu yake, akapumua naye kila alipopumua, akanyamaza naye kila aliponyamaza, hadi alipofungua karatasi ya mjane na kutamka kwamba Adalbert amefariki na amezikwa.

Kisikizi kikawa kimya. Harufu ikatoweka. Karatasi ya mama yake haikuwapo tena.

Guelord, fundi wa sauti, aliingia akiwa ameshika simu. "Ni mama yako," alinong'ona. "Analia."

Virginie aliichukua kwa mikono miwili. Mama yake alikuwa hai. "Mama, ni miye. Yote imeisha."

Upande wa pili kilio kilikatika.

"Weye ni nani, unasema na sauti ya mutoto yangu?" aliuliza mama. "Tumetoka kumuona Adalbert kwa télé. Amesoma jina ya Virginie mu matangazo ya wafu. Na Adalbert hasemake bongo, hadanganyake mutu."