Birika la Bi Zahabu

Alhamisi aliyofariki Bi Zahabu, mumewe, Mhandisi Semgaya, alikipa kitunzi amri ya maneno sita: "Kila kitu kibaki kama kilivyo leo."

Kitunzi kilikuwa mashine ya mikono minane na macho pande zote. Semgaya alikiunda kimsaidie mkewe, msanii, kubeba vyungu. Siku ile kilikariri bustani yote: ukuta uliopambwa kwa vipande vya sahani, mibilingani iliyoota ndani ya beseni, birika jekundu lenye mche wa pilipili. Tangu hapo jani likirefuka lilikatwa, na rangi ikipauka ilipakwa upya. Watu walipanda treni ya sumaku hadi Korogwe kuja kuitazama bustani hiyo. Semgaya naye alitulia. Aliamini kwamba kikihama kitu kimoja tu, mkewe atakuwa ameondoka kweli.

Siku ya arobaini akaja jirani yao Nyamizi, Mnyamwezi, mtani wa Wazigua kama Semgaya. Alivaa aproni ya marehemu, akatembea kama yeye, akawakemea wageni kwa sauti yake hadi wenye machozi wakacheka. Kisha, kama utani unavyomruhusu, akabeba birika.

"Hili langu. Mzigua hana la kusema."

Kesho yake birika lilikuwa limerudi mahali pake. Nyamizi akalichukua tena, likarudi tena. Mara ya tatu alikuja amefura.

"Mtani, mashine yako imeniingilia jikoni nimejifunga khanga moja. Ikasema samahani, ikanyakua birika."

"Inatii tu, mtani."

"Inamtii nani? Zahabu aliwahi kuliacha birika hili mahali pamoja juma zima?"

Semgaya akatabasamu. "Kila Jumamosi alihamisha kitu. Miaka thelathini nimejikwaa kwenye vyungu vyake, tukigombana."

"Na sasa?"

"Tangu afariki sijajikwaa hata mara moja."

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe, akasimama.

Semgaya akakiita kitunzi, akakifungua kifuniko cha mgongoni.

"Ukiifuta Alhamisi ile," kitunzi kikasema, "hakuna atakayejua kila kitu kilikuwa wapi."

"Hata yeye hakujua. Miwani yake ilikuwa inatafutwa kila asubuhi."

"Mara nyingi ilikuwa kichwani," kitunzi kikakubali.

"Hilo likumbuke," Semgaya akasema, akaifuta amri.

Siku hizi kitunzi kinamwagilia maji na kubeba vizito. Pilipili za birika jekundu zimefurika dirishani kwa Nyamizi. Kila Jumamosi Semgaya huhamisha kitu kimoja bustanini, kisha husahau amekiweka wapi. Kidole gumba cha mguu wake wa kulia kimefungwa plasta.