Ugonjwa Huu Umetoka Ukoo Gani?

Ilikuwa mwaka 1977, katika mbuga za Usangu. Ng'washi alijulikana kwa kuuliza. Aliuliza mpaka mwenye majibu akachoka, naye bado ana swali.

Asubuhi alikamua ng'ombe, mtoto mchanga Malimi akiwa mgongoni. Mtoto wake mkubwa, Seni, alifukuza ndama. Seni alikuwa na jicho moja. Jingine lilipata saratani, na madaktari wa Mbeya waliliondoa ili kuokoa maisha yake. Mwanzoni mboni ya jicho hilo ilikuwa ikimetameta nyeupe. Wazazi wakafikiri ni urembo. Wakachelewa.

Mama mkwe hakuchoka kumsema Ng'washi.

"Tulipokuoa hatukuchunguza vizuri kwenu. Ukoo wetu hauna ugonjwa huu."

Maneno hayo yalimchoma Ng'washi. Lakini kulikuwa na swali lililomtesa zaidi. Je, Malimi naye ataugua?

Siku ya kliniki alikuja nesi Apolonia kupima watoto uzito. Alikuwa mwenyeji wa Iringa, mcheshi, na alipenda watu wanaouliza.

"Nesi, ugonjwa wa Seni unaweza kumpata mdogo wake?" Ng'washi akauliza.

"Unaweza, mama Seni. Mara nyingine hurithiwa. Kwenu kuna mtu aliyeugua jicho utotoni?"

"Hakuna."

Apolonia akamtazama Nyanda, mume wa Ng'washi, aliyekuwa ameegemea fimbo yake. Naye alikuwa na jicho moja tu.

"Na wewe, baba Seni? Jicho lako hilo lilipotea vipi?"

"Nilichomwa na mwiba nikiwa mdogo. Mayu ndiye aliyeniambia."

Wote wakamgeukia mama yake, aliyekuwa ameketi kando yao. Bibi akainama.

"Haukuwa mwiba," akasema polepole. "Lilikuwa jeupe ndani, kisha likavimba. Hospitali ya misheni kule Usukumani wakalitoa. Nilificha, mwanangu, kwa kuwa niliogopa utakosa mke."

Ng'washi akaona lawama zimemwondokea. Papo hapo akamkumbuka Malimi, hofu ikamshika.

"Basi ni mimi niliyewapa," Nyanda akasema.

"Hukuchagua," Apolonia akamjibu. "Wewe ni mfugaji. Fahali mwenye baka jeupe usoni anazaa ndama wa namna gani?"

"Wengine wana baka, wengine hawana."

"Ndivyo ilivyo hapa. Kila mtoto wako anaweza kurithi au asirithi. Kuugua kwa Seni hakumkingi Malimi."

"Hakuna kipimo cha damu cha kutuambia?" Ng'washi akauliza.

"Bado. Labda siku moja kitakuwepo. Kwa sasa daktari anamtilia mtoto dawa ya kupanua mboni, halafu anachungulia ndani ya jicho. Anarudia mara kwa mara mpaka mtoto akue."

"Mbona macho yake ni mazima?" Bibi akasema.

"Hata ya Seni tuliyaona mazima, mayu," Nyanda akajibu. Akamwachia ndugu yake ng'ombe, wakapanda basi kwenda Mbeya.

Daktari alichungulia kwa muda mrefu. Ng'washi akashindwa kuvumilia.

"Unaona nini, daktari?"

"Kuna uvimbe mdogo kama punje ya ulezi, katika jicho la kushoto. Mmewahi."

Malimi akapelekwa Dar es Salaam, akatibiwa kwa mionzi. Ng'washi alilia sana siku hizo. Lakini uvimbe ulisinyaa, na jicho likabaki. Daktari akawaonya wasikose kumrudisha mtoto kuchunguzwa, na watoto watakaofuata wachunguzwe mara tu wanapozaliwa.

Waliporudi nyumbani, majirani walikuja kuwapa pole. Malimi alikuwa akitambaa, akimfuata kuku uwanjani na kumkosa kidogo tu. Mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Kwao Ng'washi ndiko kwenye ugonjwa."

Bibi akasikia. Akasimama mbele ya wote.

"Ugonjwa umetoka kwetu, kwa mwanangu Nyanda," akasema. "Mimi niliuficha, na Seni akapoteza jicho. Huyu mkwe wangu aliuliza, na Malimi anaona."