Nyumba Inayotazama Lango

Siku Akinyi Ojuok alipoingia katika ofisi ya Bi Wilhelmina pale Makoroboi, alihitaji kitu kimoja tu: kuchapiwa barua ya kuomba kazi. Mapenzi hakuyaagiza. Ilikuwa Jumamosi ya Februari 2001. Ofisi ilikuwa na kompyuta nne, tatu zikiwa hai, na foleni ya watu kumi na mmoja waliopepewa na feni moja kwa zamu.

Akinyi alivaa gauni la mtumba la rangi ya chungwa, lililopigwa pasi hadi likatii, na viatu vya kisigino vilivyotangaza ujio wake tangu ngazini. Alisubiri mpaka uvumilivu ukamwisha, kisha akaenda kuona kijana mmoja wa ofisi mwenye tai nyekundu alikuwa anachapa barua ya nani muda wote ule.

Hakuwa anachapa barua ya mtu. Alikuwa anajenga mtaa.

"Samahani, kaka. Hii ndiyo barua?"

Venant Nkwabi, mwalimu wa kompyuta, mzaliwa wa Kisesa, hakushtuka. Aliendelea kupanda miti kwa mausi, kwa utulivu wa padri anayegawa komunyo.

"Huu ni mchezo, dada. Unachora mtaa, unajenga nyumba, unaweka watu. Wakishaingia wanaishi wenyewe. Wanapika, wanaoga, wanagombana, wanapendana. Bi Wilhelmina aliuleta kutoka Nairobi ili wanafunzi wazoee kushika mausi."

"Na wewe mwalimu bado hujazoea?"

Foleni ikacheka. Akinyi akainama karibu na kioo kama mwalimu wa zamu anayekagua bweni.

"Dagaa wanaanikwa wapi?"

"Dagaa?"

"Nyumba sita, hakuna pa kuanika dagaa, hakuna genge, hakuna kanisa, hakuna hata jiwe moja. Mtaa gani huu? Watu wako watakufa kwa upweke kabla ya njaa."

"Mchezo ni wa Wazungu, dada."

"Lakini watu si umewaweka wewe?"

Venant akaachia mausi, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu aajiriwe. Akasimama, akamvutia kiti. Barua ya Akinyi ilichapwa papo hapo, mbele ya foleni yote, na hakuna aliyelalamika isipokuwa wote kumi na mmoja.

Barua ikazaa kazi: karani wa mizani katika kiwanda cha minofu ya sangara. Na kila Jumamosi mchana Akinyi alirudi Makoroboi kuukosoa mtaa. Walijenga genge. Walibomoa kuta ndefu, maana Akinyi alisema jirani asiyeonekana hawezi kuombwa chumvi. Walipanga mawe nyuma ya nyumba hadi mahali pakafanana na mtaa wa mawe wa Mabatini. Venant alijifunza maneno manne ya Kijaluo, lugha ya kwao Akinyi huko Shirati, la kwanza likiwa nyar, yaani binti, na kuyatumia yote kila siku, yafae yasifae.

Katikati ya wiki alipiga simu kiwandani.

"Halo, nataka kuripoti wizi. Kuna mtu ameiba akili za mwalimu."

"Zilikuwa nyingi?"

"Nyar Shirati, usinicheke."

"Weka simu chini, msimamizi anakuja."

"Nikiiweka utanikumbuka?"

"Mpaka saa ya chai. Baada ya hapo siahidi."

Jumamosi moja ya Mei Venant alimfunika Akinyi macho kwa viganja, akamkalisha mbele ya kompyuta, akaviondoa. Kwenye kioo lilikuwapo boma jipya: ua wa miti, lango, nyumba kubwa inayotazama lango, na pembeni yake nyumba ndogo yenye mapazia ya bluu.

"Hii ya pembeni ndiyo yako, mpenzi."

Uso wa Akinyi ukajifunga kama duka siku ya uchaguzi.

"Na hii kubwa?"

"Hiyo ina mwenyewe," Venant akasema kwa fahari. "Mtu wa heshima sana. Subiri, utamfahamu."

Sasa, kwa Wajaluo boma husomeka kama barua. Nyumba inayotazama lango ni ya mke wa kwanza. Ya pembeni ni ya mke wa pili. Mtoto wa Shirati hulijua hilo kabla hajajua kuhesabu. Mtoto wa Kisesa anaweza kumaliza chuo bila kulisikia.

Akinyi akachukua mausi. Akabonyeza picha ya nyundo. Akabomoa nyumba kubwa, kisha ndogo na mapazia yake, kisha ua, kisha lango. Watu wawili wadogo wakabaki wamesimama kwenye nyasi, wanalia.

"Akinyi! Unafanya nini?"

"Mimi sikai pembeni ya mtu."

Visigino vikashuka ngazi.

Venant alipiga simu Jumatatu. "Muulize mwenye nyumba kubwa," Akinyi akajibu, na simu ikakatwa. Alipiga Jumanne. "Hujambo, na mwenye nyumba kubwa hajambo?" Ikakatwa. Jumatano hakupiga. Alivaa shati jeupe, akaenda kusimama kwenye geti la kiwanda saa ya kutoka, wakati wanawake wa minofu wanamiminika na mabuti yao meupe.

"Akinyi, nimekosa nini?"

Mabuti yote yakasimama.

"Jibu, dada, tunasikiliza," akasema mama mmoja, akiketi kabisa juu ya kreti.

"Ana mke!" Akinyi akawaambia wote, maana aibu ikigawanywa hupungua uzito. "Amemjengea nyumba inayotazama lango. Mimi kaniweka pembeni, mke wa pili, na mapazia ya bluu!"

"Lahaula!"

"Mke yupi?" Venant akapiga kelele. "Ile nyumba ni ya mama yangu!"



"Mama mzazi?" akauliza yule wa kwenye kreti.

"Mzazi! Kwa nini awe mke?"

Wakamweleza, wote kwa pamoja. Venant akashika kichwa. Wanawake wakacheka hadi wakashikana mabega, na Akinyi akacheka nao, machozi yakimtoka. Kisha akayafuta, akaacha kucheka.

"Nimefurahi huna mke. Lakini bado nimekasirika."

"Tena?"

"Ulinijengea bila kuniuliza. Mlango umechagua wewe, mapazia umechagua wewe, hata mama mkwe wa kuamka naye umempanga wewe. Mimi si mtu wako wa kwenye kioo, Venant. Mimi siwekwi."

"Mwambie!" likasema buti moja.

Venant akaitikia kwa kichwa. "Kweli. Nimekosa. Basi jenga wewe, mimi nitashika matofali."

"Tunaanza leo. Baba yuko nyumbani, Pasiansi."

"Leo? Bila mshenga?"

"Mshenga wa nini? Mimi sina mdomo?"

"Akinyi, mzee akinifukuza leo, basi. Hatanisikiliza tena."

"Akikufukuza, atatufukuza wawili. Unaogopa?"

"Sana."

"Vizuri. Twende hivyo hivyo."

Mzee Ojuok, fundi wa meli mstaafu, alikuwa ameketi nje ya nyumba yake akisikiliza taarifa ya habari. Msichana mwenye adabu angemwacha mgeni njiani, akapenya uani kimya kimya kana kwamba hamjui. Akinyi aliingia amemshika Venant mkono. Jirani aliyekuwa anafua akaacha kufua.

"Shikamoo, mzee."

Mzee akaiacha salamu isimame juani kidogo.

"Marahaba. Mtoto wa nani?"

"Wa Nkwabi, wa Kisesa."

"Msukuma."

"Ndiyo, mzee."

"Wazee wako hawana miguu?"

"Nimemleta mimi, baba," akasema Akinyi. "Ndiye ninayemtaka. Wazee wake watakuja ukishatusikia sisi."

"Tangu lini msichana analeta mwanamume kwa mkono?"

"Tangu leo."

Jirani akadondosha sabuni. Jasho la Venant lilikuwa limefika kwenye mkanda, lakini mkono hakuuachia. Mzee akawatazama muda mrefu, kama mtu anayesikiliza injini ili ajue inakufa au inawaka.

"Akinyi. Mletee mgeni kiti. Kisha uende jikoni."

Akinyi akaingia ndani. Akatoka na viti viwili. Kimoja akampa Venant. Cha pili akakitua mbele ya baba yake, akakikalia, akapanga gauni lake magotini.

Mzee Ojuok akakitazama kile kiti. Akamtazama binti yake. Akanyoosha mkono, akazima redio.

"Haya. Nani anaanza?"

"Mimi," akasema Akinyi.