Rudisha Nyuma Kwanza

Alhamisi alasiri lile duka la kamera mtaani Olaya, huko ughaibuni, hufurika watu, na Wambua alikuwa akihudumia wateja watatu kwa mpigo, mwanamke mmoja mrefu alipojipenyeza mpaka kwenye kaunta. Alivaa abaya nyeusi iliyoachwa wazi, chini yake raba za manjano, na kifuani amening'iniza kamera nzito. Mkononi alikuwa na bangili ya shanga za bendera ya Kenya. Wambua alipoiona ile bangili, Kiingereza chake cha dukani kilimtoroka.

"Karibu, dada. Nikusaidie na nini?"

"Eh, afadhali. Nataka filta ya kukata mng'ao. Napiga picha za maghorofa ya kuuza huko Jeddah, na kila kioo kinanirudishia jua."

Aliitwa Kemunto. Wambua alisoma namba kwenye ukingo wa lenzi yake, sabini na saba, akamchagulia filta nyembamba na kumsimamisha pembeni mwa kabati la vioo.

"Angalia kupitia hapa. Sasa zungusha, polepole."

Mng'ao wa taa ukayeyuka, kamera zilizokuwa kabatini zikaonekana kana kwamba kioo kimeondolewa. Kemunto akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichommaliza kijana wa watu.

"Ukiifunga usiilazimishe," alimwambia. "Rudisha nyuma kwanza. Ukisikia 'ka', ujue imekaa kwenye njia yake, ndipo uzungushe kwenda mbele."

"Wewe ni muuzaji ama mwalimu?"

"Ukinipa namba yako, nitakuwa vyote viwili."

Akampa.

Kemunto alirudi Jeddah, na kwa miezi minne simu haikupoa.

"Umekula nini, babe?"

"Kabsa. Wali na nyama."

"Tena? Siku nikikupikia muthokoi wa Kikamba utasahau jina lako."

"Mimi ni Mkisii, Wambua. Bila matoke hujanipikia kitu."

Wambua akawa hatulii. Akifunga mzigo anawaza simu, akipanda metro anawaza simu. Aliyempenda alikuwa mbali kilomita karibu elfu moja, na kitanda chake chembamba kikamshinda kulalia.

Kisha Jumatano moja mchana, duka likiwa limejaa, Kemunto akapiga. Sauti yake haikuwa na utani.

"Mbingu ina doa, Wambua. Safari hii kampuni ilitaka jengo lote, na mbingu juu yake. Picha zote arobaini, katikati buluu imekolea kama wino, pembeni imepauka. Bosi amesema nirudie kabla ya Jumapili. Nikishindwa, halas, mkataba hawaongezi, narudi nyumbani. Ulijua hii filta haifai lenzi pana kama hii yangu?"

Alijua. Ndilo jambo la kwanza ambalo muuzaji humwambia mnunuzi, naye hakulisema. Lakini meneja alikuwa amesimama nyuma yake, masikio wazi, na aibu ikamvaa. Akajibu kwa sauti ya kaunta.

"Mteja anatakiwa asome maelezo kwenye boksi."

"Mteja," alisema Kemunto. "Sawa. Asante kwa huduma."

Akakata. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na Wambua alijikwaa mchana kweupe mbele ya watu. Alipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa. Alipiga akiwa stoo, akapiga akiwa chooni, akapiga akivuka barabara hadi dereva mmoja akamfokea. Alhamisi alimuuzia mzee wa watu betri isiyo ya kamera yake. Derrick, Mkenya mwenzake pale dukani, akamvuta kando.

"Msee, utatufukuzisha kazi. Kesho ni Ijumaa, uko off. Panda ndege uende. Na usiende mikono mitupu."

Wambua alinunua kitu kimoja kutoka rafu ya chini, akakitia mfukoni.

Jengo alilijua kwa kusimuliwa: jeupe, kando ya Kornishi, ile barabara ya ufukweni, lenye balkoni za kijani. Alasiri ya Ijumaa alimkuta Kemunto mbele ya jengo hilo, abaya ya rangi ya mchanga ikipigwa na upepo, raba zilezile za manjano miguuni.

"Umekuja kutoa huduma baada ya mauzo?" Kemunto aliuliza bila kumgeukia.

"Lenzi yako niliiona," alisema Wambua. "Nilijua ni pana, na nilijua mbingu itatoka na doa. Nilisahau kukwambia kwa sababu nilikuwa nakuangalia wewe. Halafu Jumatano meneja alikuwa hapo, nikaona haya, nikakuita mteja. Nisamehe."

Kemunto akamgeukia. "Si ungesema hivyo Jumatano."

"Ningesema."

Akatoa kijiboksi mfukoni. Kemunto akarudi hatua moja.

"Wambua, usinipigie magoti barabarani."

"Si pete. Ni adapta. Hii itafanya filta yako ivae lenzi ile ndogo uliyoniambia unayo, ya kuvuta vitu vya mbali. Tukivuka barabara tusimame mbali, jengo litaingia lote na mbingu itatoka sawa."

Kicheko kilimponyoka Kemunto kabla hajakizuia. "Aki mimi. Nangoja pete, naletewa spea."

Wakavuka. Kemunto akabadilisha lenzi, akafunga adapta, kisha akamkabidhi filta. "Weka wewe, mwalimu."

Wambua alikuwa amefunga filta nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, lakini siku hiyo aliilazimisha kwa haraka. Akajaribu mara ya kwanza, ikakataa. Mara ya pili ikakaa upande.

"Rudisha nyuma kwanza," alisema Kemunto taratibu.

Akarudisha. Ka.

"Desemba," alisema Wambua akiwa bado ameinamia lenzi, maana macho ya Kemunto asingeyaweza, "nataka nije kwenu Kisii, niongee na baba yako."

Kemunto aliweka jicho kwenye kamera, akazungusha ukingo wa filta, polepole. Mng'ao ukatoka kwenye vioo vya jengo, na mbingu juu yake ikatulia, buluu moja kutoka pembe hadi pembe.

"Baba hatapokea mahari ya mbuzi wa Kikamba," alisema. "Kwetu ni ng'ombe."

Akabonyeza.