Mdundo wa Mashine ya Kusaga

Ngoma ivumayo haidumu, husema wazee. Yangu ilivuma ikadumu. Yaliyokaribia kutodumu ni meno yangu.

Kila siku nikitoka shule nilipitia studio ya kaka Chetan, hapa Pasiansi. Yeye ni prodyuza: hutengeneza kwa kompyuta muziki wa kuchezeka, kisha huupiga kumbini hadi watu wanalowa jasho. Alitufundisha wawili, mimi na Kashindye, kijana aliyemaliza kidato cha nne. Alituandalia mashindano uwanjani, akaahidi kwamba mdundo utakaoshinda angeupiga kwenye ukumbi wa Butimba na kumtaja aliyeutengeneza.

Nilikwenda kwenye mashine ya kusaga mahindi nikarekodi ngurumo yake. Kwa wiki tatu niliikatakata, nikaiwekea ngoma na filimbi.

Jumamosi ya mashindano, Kashindye alitangulia jukwaani na flashi yake. Ikalia mashine yangu! Watu wakaruka, vumbi likatimka.

"Mwizi!" nilipiga kelele nikipanda jukwaani. "Umeuiba mdundo wangu studio!"

"Nani mwizi, kitoto wewe?"

Ngumi ikanipata mdomoni. Nikaangukia spika. Akanipiga teke la mbavu, la pili, la tatu. Nikamng'ata kifundo cha mguu mpaka akalia kama mbuzi. Mbao za jukwaa zikatapakaa damu.

Kaka Chetan alimvuta kwa ukosi, shati likachanika. "Basi! Kashindye, kama mdundo ni wako, ondoa ngoma, tusikie mashine peke yake."

Kashindye akabofya huku na huko. Hakuweza. Alikuwa amenakili muziki uliokwisha kupikwa, hakuwa na vipande vyake kimoja kimoja.

Nikainuka nikitema damu, nikafungua kazi yangu kwenye kompyuta ya kaka Chetan. Nikazima ngoma. Nikazima filimbi. Ikabaki mashine inanguruma, na sauti ya mama mwenye mashine ikinionya: "Sabina, jihadhari na mkanda!"

Uwanja mzima ukacheka. Kashindye akainamisha kichwa.

Baba yake, mzee Machibya, akaja juu. "Umemwaibisha mkubwa wako mbele za watu! Na meno umemtia! Omba radhi!"

"Mzee," kaka Chetan alisema, "avunaye jasho la mwenzake hukosa jibu siku akiulizwa alilimaje. Mwanao ajifunze hilo. Butimba utapigwa wa Sabina."

"Sijakuuliza wewe. Nasema na huyu."

"Shikamoo, baba," nikasema, mdomo umevimba.

"Marahaba. Haya, omba."

"Siombi."