Mkalimani Aliyeachwa Tundo

Zama zile Kilwa ilipokuwa ikivaa hariri na kula katika sahani za Kichina, alikuwapo mkalimani mmoja jina lake Badi, mtoto wa pekee wa Mwana Shani, mjane wa mtaa wa wafua shaba. Vijana wanaofunga mizigo na wamsikilize huyu kwanza, kisha waende.

Kiarabu Badi alikisomea Adeni, akakisema mpaka Waarabu wenyewe wakamuuliza kabila lake. Malaka nako alikaa miaka mitatu na wafanyabiashara wa visiwa vya Luzoni, akaondoka na Kitagalogi chao mdomoni. Kilwa nzima hapakuwa na mtu aliyeijua lugha hiyo hata kwa jina.

Siku alipoaga, mama yake alimshika upindo wa kanzu.

"Badi, baba, ulimi wako unatulisha. Lakini unapenda mno kusifiwa. Ukifika ugenini sema uliloagizwa, kisha unyamaze."

"Mama nawe! Ningekuwa mtu wa kunyamaza, tungekula nini?"

Alicheka, akaenda zake. Hakugeuka hata mara moja.

Nahodha wake alikuwa Barakati, Mwarabu wa Shihiri. Baada ya miezi mingi walifika Tundo, mji wa Watagalogi kwenye mlango wa mto, wenye nyumba za mianzi zilizosimama juu ya nguzo na boma la magogo kuuzunguka. Mtawala wao, Lakan Lumbang, alijifunga kilemba chekundu, mikono imejaa bangili za dhahabu, na upanga mrefu hauondoki magotini pake. Barakati alishusha nguo za pamba na ubani, akapakia nta, lulu na mchanga wa dhahabu. Siku tisa Badi alisimama katikati akivusha maneno, na hakuna aliyegombana.

Siku ya kumi wakafanyiwa karamu. Lakan akamgeukia Badi.

"Wewe unayezijua zote mbili, hebu tuambie. Lugha ipi bora, yetu au ya nahodha wako?"

Mwenye akili angesifu wali na samaki, yakaisha. Badi akasimama.

"Kiarabu hutoka kooni, huko ndani kabisa, kama maji ya kisima. Chenu hukaa mbele ya meno, chepesi, mtu akisema ni kama anaimba. Kiarabu huandikwa kwa wino, kuanzia kulia, kikadumu karne na karne. Chenu mnakichora kwa ncha ya kisu kwenye mwanzi, kuanzia kushoto, na mwanzi huoza. Yako maneno machache yanayofanana. Ninyi mwamuzi mnamwita *hukom*, na Waarabu wana neno lao kama hilo. Mkishukuru mnasema *salamat*, nami moyo hunishtuka, maana hata kwetu Kilwa tunatakiana salama. Ila kutoka hapa hadi Adeni, mtu wa kuzivusha lugha hizi mbili ni mmoja tu. Mtazameni vizuri!"

Akayarudia kwa Kiarabu ili nahodha naye asikie. Watu walicheka, wakampigia makofi, naye akaketi uso unang'aa.

Sasa, mji ule ulikuwa na ada. Chombo cha kigeni kikiondoka huacha mtu mmoja nyuma, ili kiwe na sababu ya kurudi. Barakati alikwisha kumtenga mpishi wake mgonjwa.

"Mpishi simtaki," alisema Lakan. "Nani atakata bahari kumfuata mpishi? Niachie huyo aliye mmoja tu."

Badi ilimbidi ayatafsiri maneno hayo yeye mwenyewe. Hapakuwa na mwingine.

Barakati aliwaza kidogo, akikuna ndevu. "Mwambie nimekubali."

Na hilo nalo Badi akalitafsiri.

Lakan alijichanja mkono, akadondosha damu katika kikombe cha tembo la mnazi, akanywa. Hicho ndicho kilichokuwa kiapo chao. Barakati alikataa kunywa kwa kuwa ni haramu, akaapa kwa jina la Mungu, akaandika karatasi nzuri yenye muhuri.

"Miezi minane, mwanangu," akamwambia Badi. "Wallahi."

Barakati alipofika Malaka akapata mkalimani mwingine, wa kubabaisha, lakini biashara ilikwenda.

Badi aliwekwa nyumbani kwa Inang Talim, mjane mcheshi aliyetafuna tambuu mchana kutwa. Inang ni neno lao la kumwita mama. Mwaka wa kwanza Badi alikuwa akipanda bomani kila asubuhi kutazama bahari. Mwaka wa nne akaacha. Kiarabu kilibaki cha sala tu. Lugha ya kwao Kilwa haikuwa na wa kuijibu, basi akawa anaisema peke yake pale ngazini pa nyumba.

"Unazungumza na nani?" Inang Talim aliuliza.

"Na mama yangu."

"Anajibu?"

"Leo bado."

"Labda umempigia kelele mno. Njoo ule."

Mwaka wa kumi na moja Barakati alirudi, na majahazi saba ya vita aliyoyakodi kwa sultani mmoja wa kusini. Safari hii hakuja kununua dhahabu. Lakan alimtuma Badi kwa mtumbwi akaulize shida yao.

"Badi! U hai!"

"Ulisema miezi minane, nahodha."

"Tuyaache hayo. Nionyeshe ule mlango wa majini wanakoteka maji wanawake, kisha nikupeleke Kilwa. Mama yako nilimwona, mzima."

Badi alisogeza mtumbwi karibu. "Alisema nini?"

"Aliuliza ulipo."

"Ukamwambia?"

Barakati alitazama pembeni. "Nilimwambia ulikufa maji. Nilitaka apumzike."

Mlango ule ndio alioshukia Inang Talim kila asubuhi na mitungi yake. Badi akageuza mtumbwi. Akarudi bomani, akasema alilotumwa kuuliza na alilojibiwa, neno kwa neno.

Mlango ukazibwa kwa magogo. Vita vikapiganwa siku tatu, mishale ikinyesha, mipira ya utomvu unaowaka ikivingirishwa kutoka bomani. Majahazi manne yaliungua, matatu yakakimbia, na Barakati ndani ya moja.

"Kuanzia leo u huru," Lakan alimwambia Badi mbele ya watu wote. "Nenda utakako."

Lakini chombo cha kwenda magharibi hakikuja tena.

Karatasi ya Barakati ililiwa na mchwa, muhuri na yote. Kitagalogi watu wakaendelea kukisema. Kule Kilwa, Mwana Shani alikwisha kumsomea mwanawe hitima, lakini kila chombo kilipotia nanga alijifunga ukaya wake kichwani akashuka bandarini kuuliza.

Alasiri moja, Badi amekuwa mzee, alisinzia pale ngazini. Mama yake akaja, akamshika upindo, akamwambia yale yale: sema uliloagizwa, kisha unyamaze. Akaamka na furaha, akakaa ayarudie kwa lugha ya kwao, kama mama alivyoyasema siku ile. "Badi, baba..." Mengine hayakuja. Akajaribu tena.

Inang Talim, kibogoyo sasa, alichungulia mlangoni.

"Amejibu?"

"Amejibu," alisema Badi. "Kwa lugha yenu."