Bango la Mkunga

Kila asubuhi Chiriku alifagia mbele ya chumba cha ushonaji cha mama yake huku akipiga soga na kila aliyepita. Ndiyo maana wakamwita Chiriku. Mdomo wake haukujua likizo. Ukutani, kando ya mlango, yalibandikwa mabango mawili ya wagombea udiwani: la Mkunga wa zahanati na la Mkandarasi. Mkandarasi aliwapa watoto wa mtaa mpira mpya, tena wa ngozi. Kwa Chiriku, uchaguzi ulikuwa umekwisha.

Mama yeye hakuwa ameamua. Mvua ikinyesha, maji ya mtaro ulioziba yaliingia mpaka chini ya cherehani, naye alikusudia kuwauliza wagombea wote wawili watafanya nini. Lakini kazi ya sare za shule ilimzidi, mkutano wa kwanza wa kampeni ukampita. Jioni hiyo Chiriku alimsikia akisali: "Ee Mungu, mimi nimechoka kuwaza. Nionyeshe wewe, yupi kati ya hawa wawili."

Mvua ikanyesha hadi alfajiri. Chiriku alitoka na ufagio, akatazama mabango yaliyolowa, akatazama mlango. Mkono ukamwasha. Akalibandua la Mkunga na kulisukumia nyuma ya pipa la maji.

Mama alipotoka alishika kifua. "Limebaki moja! Mwanangu, unaona? Nimejibiwa!"

Chiriku akacheka kidogo. Hakujua kwamba Mama angelipeleka jibu hilo kwenye kikundi cha sala, ambako akina mama wote walimwamini.

Kesho yake shangazi yake, muuza mkaa na mmoja wa kikundi hicho, alikuja kuchukua gauni. "Wifi, kura yangu ilikuwa ya Mkunga," alisema. "Mwanangu alipozaliwa kwa shida, yeye ndiye aliyekesha nami. Lakini kama Mungu ameshasema, mimi ni nani nibishe?" Akajifuta macho kwa kiganja.

Nje mpira ulidunda, wenzake wakamwita Chiriku, hakwenda. Uongo kwa Mama ni uongo, haya, lakini huu alimpachika Mungu!

Jioni Mama alisali: "Asante Mungu kwa kutuonyesha njia." Siku zote Chiriku alikuwa wa kwanza kuitikia amina. Leo kimya.

"We Chiriku, umemeza ulimi?"

"Mama, si Mungu!" Akaangua kilio. "Ni mimi. Nililibandua mimi. Nilitaka yule wa mpira ashinde."

Mama alisimama wima. Chiriku akafumba macho akingoja kofi. Halikuja. Alipofumbua, Mama alikuwa ameketi tena, ameshika tama.

"Umenifanya niwadanganye watu kwa jina la Mungu," alisema. "Na mimi nimo kwenye kosa. Nilikuwa na swali la mtaro, sikwenda kuliuliza. Nikamtupia Mungu kazi yangu. Haya, vaa viatu."

Walipita mlango kwa mlango kwa akina mama wa kikundi, na kwenye kila mlango aliyesema ni Chiriku mwenyewe. Wapo waliomcheka, wapo waliomkaripia. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akashusha pumzi. "Loo! Kumbe Mungu hakunikataza."

Waliporudi, Chiriku alikoroga gundi ya unga, akalibandika tena bango, limepinda upande mmoja. Mkutano wa mwisho ulipofika, Mama alifunga kazi mapema, akawauliza wagombea wote wawili kuhusu mtaro, akasikiliza majibu.

Siku ya kura alirudi na wino kidoleni.

"Mama, umempa nani?"

"Hilo ni langu na Mungu wangu. Nimesali, mwanangu, tena sana. Nimeomba moyo wa haki na akili ya kupima, halafu nikapima mwenyewe. Sala haimwondolei mtu kazi ya kufikiri. Na wewe, usije tena ukamsemea Mungu jambo ambalo hakulisema."

"Amina," akaitikia Chiriku, kwa sauti iliyosikika mpaka nje.